Nyama ya Kunguru

Kila nikipita mahali nyama mbichi imekaa juani, ile harufu hunirudisha uani kwetu, mtaa wa Kuze, nikiwa mtoto, macho yangu yakitazama juu.

Asubuhi ile watu wa serikali walipita vichochoroni na kipaza sauti. Walitangaza kwamba wametega nyama ya sumu jaani, wawaue kunguru waliokuwa wakimaliza mayai na makinda ya ndege wetu. Watoto wafungiwe ndani.

Mama alifurahi, maana kunguru walikuwa wamemnyakulia vifaranga vyote. "Uani petu hapana neno," alisema, akaendelea kukuna nazi.

Adhuhuri kunguru wawili wakaja juu ya ukuta wakigombania kitu. Kikawaponyoka, kikaanguka mbele ya mdogo wangu aliyekuwa akitambaa. Kilikuwa kipande cha nyama. Kabla sijamfikia, alishakitia kinywani.

"Mama! Mtoto ala nyama ya kunguru!"

Mama aliitupa nazi, akamshika taya, akamtia kidole kinywani. "Tema, mwanangu! Yarabi, tema!"

Kipande kilitoka, lakini hatukujua kama amemeza chochote. Mama akamsukutua, akamweka mapajani, mkono juu ya kifua chake. Kila alipofumba macho, mama alimtikisa.

Alasiri ilipoadhiniwa, mtoto akalia njaa. Mama akamnyonyesha huku machozi yakimtoka.

Siku zilizofuata kunguru walianza kudondoka mapaani, na jirani zetu wakashangilia. Mama alifunga dirisha, akambeba mdogo wangu, akaniita nami nikae karibu naye.