Lemuel Tibbets, Marehemu wa Kila Jumamosi

Lemuel Tibbets alikuwa fundi wa kufa. Mwaka 1912, pale Fort Lee, watengenezaji wa sinema zisizo na sauti walipotaka mtu wa kupigwa risasi, kuporomoka kutoka paani au kukanyagwa na farasi, hawakuhangaika kutafuta. Wenye sura nzuri walikuwa tele. Wa kuanguka vizuri alikuwa yeye. Kwa miaka mitatu alikufa kama mara mia mbili, na jina lake halikuandikwa popote, kwani marehemu ana haja gani na sifa?

Aliyeumia ni mama yake, Bi Drusilla, kule Ohio. Kila Jumamosi alikwenda sinemani kumtazama mwanawe, na kila mwanawe alipoanguka, mama alijifunika shali akatoka. Mwishowe akaandika: "Lemuel mwanangu, nimechoka kukuzika. Niite siku utakayobaki hai hadi mwisho."

Lemuel akambembeleza mwongozaji, Bwana Crouse, ambaye alitumia kipaza sauti chake cha bati hata kuomba chumvi. Bahati nzuri, nyota wao akashikwa na matumbwitumbwi, Lemuel akapewa nafasi ya shujaa. Asubuhi wakarekodi harusi ya mwisho wa picha, maana ua wa kanisa ulipata jua asubuhi tu. Lemuel akambusu bibi harusi, mzima wa afya, kisha akamwandikia mama aende kuitazama.

Alasiri wakarekodi mapambano. Adui akafyatua bastola; risasi ilitakiwa kumkosa shujaa. Lakini mazoea yana taabu. Lemuel akayumba, akashika kifua, akafa, tena kifo kizuri kuliko vyote alivyowahi kufa.

"Nani kakwambia ufe, wewe?" Crouse akauliza.

"Bunduki imelia, bwana."

Jua lilikuwa linazama, mkanda umekwisha, na picha ilitakiwa kesho yake. Crouse hakuwa mtu wa kushindwa na jambo dogo kama kifo. Katikati ya kifo na harusi akabandika maandishi: PACHA WA MAREHEMU AWASILI. Watazamaji wakaamini, kwani aliyekwisha kukata tiketi huamini mengi.

Kule Ohio, Bi Drusilla alikaa mstari wa mbele na kofia mpya. Bastola ikatoa moshi, mwanawe akaanguka. Akajifunika shali, akatoka.

Alipofika barabarani akasikia ukumbi mzima ukishangilia. Akajiuliza watu hawa wana roho gani, akaenda zake nyumbani.