Kichupa cha Kifuniko cha Njano

Saa tatu asubuhi, fundi wa maabara ya hospitali anainua kichupa cha damu dirishani, anakitazama, anakitazama tena. Kifuniko chekundu. Anashusha pumzi.

Wenzake humwita Bi Matone. Miaka kumi na tisa sasa anapima dawa ya usingizi iliyobaki kwenye damu za wagonjwa, vichupa arobaini kwa siku. Hadi majuzi alijigamba kuwa anaweza kupima amefumba macho.

"Kumbe nilikuwa nimefumba kweli," anasema.

Mgonjwa ni dereva wa lori. Alilazwa kwa degedege, akalazwa usingizi kwa dawa ili itulie. Dawa ikasimamishwa, siku ya nne hajaamka. Daktari akataka kujua: ni dawa bado inamlaza, au ubongo ndio umekufa? Maabara ikajibu kwamba dawa imeshuka. Mke akaitwa aje kuaga kabla mashine ya kumpumulia haijazimwa.

Mke huyo alipotea njia, akachungulia maabara na shati lililopigwa pasi mkononi. "Dada, chumba cha mahututi ni kipi? Nimeambiwa nije na nguo zake."

Bi Matone alimwelekeza. Kisha, hajui kwa nini, akafungua friji kukitafuta kile kichupa.

Kifuniko cha njano! Vichupa hivyo vina ute mzito wa kutenga damu, na damu ikikaa humo sana, ute hunyonya dawa, kipimo kikaonyesha kidogo kuliko iliyomo mwilini. Damu ya dereva ilikaa humo usiku kucha. Fundi yeyote wa kazi hii anajua kukikataa kichupa hicho. Akafungua daftari la mapokezi. Sahihi ilikuwa yake.

"Nikapiga simu: 'Dokta, msizime kitu!' Akaniuliza, 'We Bi Matone, umelewa?' Nikamwambia, 'Heri ningelewa. Nitolee damu nyingine, kichupa chekundu kisicho na ute, mbio!'"

Kipimo kipya kilionyesha dawa bado imejaa tele.

"Amelala, jamani! Tulikuwa tunamuaga mtu aliyelala!"

Siku ya nane dereva alifumbua macho, akamuuliza mkewe shati lake la harusi linatafuta nini hospitali.

Mke hupita kila siku kumshukuru Bi Matone. Hajui sahihi ni ya nani.

"Ijumaa mumewe anaruhusiwa," anasema Bi Matone, akikishika kichupa kinachofuata. "Nitashuka wodini na lile daftari, niwafungulie ukurasa wenyewe. Wakinitukana nitasikiliza mpaka wachoke. Halafu nitarudi hapa dirishani, macho wazi."