Mkutano wa wazazi, na mimi niliyesoma darasa la B

Leo nimesimama mbele ya wazazi wote.

Prefe, mkuu wa shule ya binti yangu hapa Kikula, ametangaza kwamba mwaka ujao wenye akili watakaa A, wazito watakaa B.

Makofi!

Nikashindwa kunyamaza. "Prefe, minye nilikuwa mu B, miaka ya tisini. Batu balikuwa banatuita vichwa vigumu."

Watu wakacheka. Jamani, nilitamani ardhi inimeze.

Ndipo Papa Kasongo akasimama. Ni injinia, mtaa mzima unamheshimu. Tulisoma shule moja, miaka ileile.

"Minye nilikuwa mu A," akasema. "Serikali ilipoacha kulipa, walimu wetu balienda kuchimba madini kule Kambove. Madame, mwalimu wa B, peke yake ndiye alibakia. Tukabeba mabenchi yetu, tukaomba nafasi mu B. Madame alikuwa anaeleza polepole kwa ajili ya batoto ba B. Ni pale minye nilielewa hesabu. Kabla ya pale nilikuwa nakariri tu."



Hata mimi sikujua! Miaka yote hii nilidhani tuliwachelewesha wale wa A.

Prefe akavua miwani, akauliza taratibu: "Basi, tubachanganye?"

Mikono ikapanda. Si yote, lakini ilitosha.

Binti yangu, ambaye hesabu zinamtoa machozi, atakaa benchi moja na wanaozijua. Nimerudi nyumbani naimba njia nzima.

Na nyie, mlikuwa A au B? Semeni ukweli, hakuna wa kuwacheka hapa.