Jina la Mwisho Kwenye Bamba

Naweka dau la kuku na vifaranga wake, na kuku wenyewe sina: habari hii hutaiamini.

Kanali hakuwahi kushika hata manati. Jina alibandikwa na mlinzi wa getini kwa sababu ya majigambo. Kazi yake ilikuwa kufagia na kung'arisha shaba kwenye jengo la zamani la reli, pale vita vilipokwishia. Enzi zile wakubwa walioshindwa waliingizwa chumba cha mkata tiketi wakatia sahihi, na askari wao wakapita uani mmoja mmoja kutupa bunduki, mpaka lundo likafika dirishani. Sasa meza imefunikwa kioo, kuna kamba nyekundu usiiguse, na uani watoto wa shule wanamenya machungwa.

Ukutani kulikuwa na bamba la shaba la majina arobaini na moja. Hao waliuawa kesho yake asubuhi, maana habari ya amani ilitembea kwa miguu. La mwisho lilikuwa la baba yake Kanali. Herufi nne, zilizoinuka kama vipele. Mwili haukupatikana, kwa hiyo kaburi ni hapo.

Mama yake macho yalishazima zamani. Kila mwaka, siku ya kumbukumbu, alikuwa analetwa, anapapasa mstari wa mwisho, anampa mumewe habari: nani kazaliwa, nani kafa, nani kaoa balaa. Akirudi nyumbani anakula vizuri wiki nzima.

Ofisi ilimpa Kanali kopo la dawa ya shaba na kitambaa laini. Akacheka mpaka akakohoa.

"Hii si ya kuogeshea vichanga?"

Yeye akatumia mchanga mwembamba na ndimu, kila asubuhi, miaka ishirini na sita. Majina ya wengine aliyasugua mara tatu. La baba yake, mara kumi.

"Shaba yangu unanyolea ndevu!" alijisifu.

"Utamsugua mzee mpaka atokee kwa jirani," mlinzi akamjibu.

"Wivu huo, ndugu yangu. Kanywe maji."

Sikio la kufa.

Siku ya kumbukumbu ikafika, mama akashikwa mkono mpaka ukutani. Kidole kikaenda. Kikarudi. Kikaenda tena.

"Baba yako yuko wapi?"

Kanali akainama. Alizoea kuona sura yake inang'aa pale chini, akafurahi nayo. Leo ndipo akaona kwamba zaidi ya sura yake hamna kitu. Mstari mtupu, laini kama goti.

Akaukamata mkono wa mama, akaupandisha mstari mmoja.

"Huyu hapa, mama."

Mama akapapasa. "Huyu mrefu. Mume wangu ana herufi nne tu, na ya mwisho ina tumbo. Mwanangu, unanishikisha mwanaume wa watu?"

Mlinzi, anayecheka hata msibani, aliangalia viatu vyake.

"Nani kamfuta?"

"Mvua, mama. Paa linavuja."

Paa halijawahi kuvuja hata tone.

Kesho yake Kanali alikwenda ofisini kuomba jina lirudishwe. Karani akafungua kabati: orodha ya zamani imeliwa na mchwa. Kwenye bamba anahesabu watu arobaini.

"Una ushahidi gani kwamba alikuwepo, mzee?"

Ushahidi ndio huo alioumaliza kwa ndimu.

Mama hakurudi tena pale. Hana wa kumpelekea habari, sahani anaisukuma, amebaki mifupa. Mawingu yakinguruma tu anaanza kuitukana mvua, matusi ambayo Kanali hakujua kama mama yake anayo. Naye anakaa ukingoni mwa kitanda, anaitikia.

"Mvua mbaya sana, mama."

Kopo la ofisi bado liko stoo, halijafunguliwa. Lile ndilo lilikuwa sahihi. Mchanga ulikuwa kosa, na kosa ni la Kanali.