Sangala wa Fundi Cherehani

Fundi cherehani wetu hapa mjini Baraka hupima kiuno cha mteja mara mbili, utepe ameubana kwa kidole gumba chenye alama za sindano, na mteja akiomba aongezewe nafasi kidogo hujibu, "Metre haina huruma, mama." Samaki, hata hivyo, huwapima kwa mikono mitupu. Yule sangala aliyemkatia mshipi mwaka juzi alianza na urefu wa mkono mmoja. Siku hizi fundi akimwonyesha, majirani husogeza viti kando kuipisha mikono yake, na uzito wake umetulia kwenye kilo ishirini. Siku samaki huyo alipomtoroka, mimi ndiye niliyepiga kafi. Niliona mshipi ukikatika, basi.

Jumamosi iliyopita alivua sangala wa kweli, mkubwa kuliko wote aliowahi kuvua maishani. Akampakata kama mtoto mwenye homa hadi kwenye mizani ya Mama Bushira, muuza samaki pale mwaloni. Akamning'iniza mwenyewe, kisha akaufuta uso wa mizani kwa shati lake ili sote tuone vizuri. Mshale ukatikisika, ukasimama kwenye kilo kumi na moja. Akatugeukia akitabasamu, akingoja pongezi.

"Iko muzuri, fundi," akasema Mama Bushira kwa upole, "lakini ile ya zamani ilikuwa mukubwa sana. Pole."

Na wengine wote wakampa pole. Fundi akanitazama mimi, macho yakiniomba kitu. Nikamshika mkono.

"Pole sana, fundi."