Ua la Tumbaku Mkononi

Mama yangu alilima tumbaku Inyonga mpaka kufa kwake. Nikiwa Dar es Salaam nilichorwa tatuu ya ua la tumbaku mkononi, la rangi ya waridi, ungedhani limechumwa sasa hivi.

Nilipoolewa Majimoto, mume wangu akaniomba nilifiche. Mwaka mzima nilivaa nguo za mikono mirefu, hata shambani kwenye mpunga.

Siku moja nilikunja mikono nikifua. Mama mkwe akaja kulibandua, akidhani limenigandia.

“Mbona halitoki?”

“Halitoki, mama. Limechorwa.”

Akaishusha mikono ya blauzi yangu, akafunga vifungo.

“Baba mkwe wako ni mzee wa kanisa. Asilione.”

Sasa mama mkwe hunikagua mikono kila asubuhi kabla sijatoka.