Mashini ya Sinema Juu ya Bido za Maziwa

Musinicheke mbele nimalize. Padri alileta mashini ya sinema huku Kirolirwe, akaniuliza, mimi mwalimu, tuiweke wapi. Nikamujibu kama fundi: "Mu nyumba ya maziwa, Padri. Iko giza hata muchana." Kweli yenyewe, sijagusaka mashini ile hata siku moja.

Meza ilikosekana. Nikapanga bido ine, mitungi ya chuma yenye kujaa maziwa, nikalaza ubao juu yake, nikapandisha mashini.

"Papa Mwalimu," Mama Feresita, mwenye kuuzisha maziwa, akasema, "hii bido ya mbele iko yangu. Kamio ya kubeba maziwa ikifika, naitosha hapo."

"Mama, sinema haingojeake kamio!"

Moteri ya umeme ikanguruma inje, gari la moshi likakimbia ukutani, batu bote wakapiga makelele. Mimi nikajisogeza polepole nyuma ya mulango, kwenye kulibakia bido zingine za Mama Feresita.

Kamio ikapiga honi. Mama Feresita akavuta bido yake. Ubao ukainama. Padri akadaka mashini, akaikumbatia kifuani, na mwangaza wote ukageukia kwangu: kikombe mukononi, maziwa ya Mama Feresita mupaka kwenye masharubu.

"Kumbe, Papa Mwalimu," Mama Feresita akasema, "njo maana ulitaka nyumba ya giza!"